Mgongo na disiki, nimezunguka Mwanza miezi kumi na nne: fizio ndo iliyonirudisha Mwaloni

Nawaandikia kwanza wenzangu wa soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, tunaoinama kutwa nzima juu ya dagaa, halafu yeyote yule ambae usiku huu kajilaza ubavu mmoja na mto kaubana katikati ya magoti maana akigeuka tu mguu unawaka moto. Nimetembea na huu mgongo miezi kumi na nne, nimelipa watu wa kila aina hapa mjini, na katika wote hao kuna huduma moja tu ninayoweza kumwambia mtu nenda kwa moyo mweupe, nayo ni fizio ya hospitali ya rufaa, kile kitengo cha mazoezi tiba ambacho watu wengi wanakipita kwenye korido wakidhani ni cha wenye kiharusi na waliovunjika miguu peke yao.

Chumba chenyewe cha kawaida sana. Magodoro matatu ya bluu, kioo kirefu ukutani, ngazi ya mbao ya hatua nne ya kujifunzia kupanda, na kwenye kona ndoo mbili zenye mchanga. Hizo ndoo nitazirudia.

Ilianza mwaka jana mwezi wa tatu. Ilikuwa giza la mwezi, na mnajua giza likiingia mitumbwi inatoka na taa zake, dagaa wanakuja kwa fujo kutoka visiwani, Ukerewe huko, Goziba, hakuna kulala. Nilikuwa nimeinama nachekecha tangu alfajiri, kufika saa tano tukashikana na mwenzangu tupandishe gunia kwenye mizani, ye mkono ukamteleza, uzito wote ukaja kwangu nikiwa nimejipinda. Nikasikia kitu kinaachia kiunoni. Siku tatu nikawa natembea nimeegemea upande mmoja, wiki ya pili mgongo ukapoa nikamshukuru Mungu, kumbe maumivu yamehama tu, yameshuka kwenye tako la kulia, nyuma ya paja, pembeni ya kigimbi mpaka kidole gumba cha mguu, na kile kidole kikawa na ganzi kama si changu. Nikikohoa, umeme. Nikipiga chafya, umeme. Kukaa kwenye daladala kutoka Kirumba mpaka Buzuruga nashuka natokwa jasho.

Kwetu ni Kitangiri, kule juu kwenye mawe, ngazi za kufika nyumbani ni mawe yenyewe. Ilifika hatua mwanangu wa darasa la tatu ndo ananifunga kamba za viatu asubuhi kabla hajaenda shule. Ananifunga halafu ananiangalia, ananiuliza mama, imebana sana? Lile swali naliskia mpaka leo.

Sasa nianze na sindano za duka la dawa maana wengi wetu ndo tunaanzia hapo. Miezi miwili nilikuwa nachomwa ile wanayoiita ya mchanganyiko, na juu yake diklofenaki za vidonge kutwa mara mbili, siku nyingine mara tatu. Sikatai, siku ile ile unapata nafuu, unarudi kazini, unabeba. Na hapo ndo penye shida, unabeba! Baada ya muda nikaanza kiungulia, tumbo linawaka usiku, presha kupimwa imepanda na mimi sikuwahi kuwa na presha. Baadae daktari wa hospitali akanieleza vizuri kwamba dawa za jamii hii, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, zina kazi yake kwa siku chache, zinatuliza uvimbe, ila ukizila mfululizo zinachubua tumbo mpaka linaweza kutoa damu, zinaumiza figo, zinapandisha presha, na hizo sindano za mchanganyiko mara nyingi ndani yake kuna steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ambayo nayo si ya kuchomwa ovyo. Akaniuliza kama choo kimewahi kutoka cheusi kama lami. Hakijawahi, namshukuru Mungu, ila pale dukani miezi miwili yote hakuna aliyewahi kuniuliza hata umri wangu.

Mkanda wa mgongo nilinunua elfu arobaini na tano. Ukiuvaa unajisikia umeshikwa, kweli kabisa, ila nilikuwa siwezi kuinuka kitandani bila kuuvaa, nikiuvua naogopa, na mwisho nikawa naogopa hata kuchota maji. Upo nyumbani kwenye kabati. Mama mkwe akaniletea bibi mmoja wa kuchua, ana mikono mizuri sana yule bibi, mafuta ya moto, anakanda taratibu, usiku ule nililala usingizi mzito ambao sikuupata wiki nzima. Kuchuliwa kwa upole sina ubaya nako, kunalegeza misuli iliyokaza, basi, keshokutwa mguu uko vile vile. Ila mtu akikwambia ulale chini akukanyage mgongoni ili pingili zirudi, kuna kijana aliniambia hivyo kabisa, simama uondoke.

Halafu ikaja ile iliyoniuma kuliko zote, jina silitaji. Kliniki ya binafsi, kiyoyozi, viti vya kung'aa, mashine kubwa ya kuvuta mgongo. Kwanza wakanitaka MRI, ile picha ya mashine inayoonesha ndani ya mgongo, nikalipa laki tatu na nusu sehemu nyingine. Picha ilipokuja bwana mmoja wa koti jeupe akaiweka kwenye taa, akanionesha disiki, yale mato ya katikati ya pingili, nyingine zinang'aa na moja nyeusi, na kwenye ile nyeusi kuna kinundu kimetokeza nyuma. Akasema mama, mafuta ya kwenye pingili zako yamekwisha, mgongo wako ni wa bibi wa miaka themanini, ukichelewa utapooza, utakuwa wa kubebwa. Nina miaka arobaini na moja. Nililia kwenye daladala mpaka konda akanirudishia nauli yangu. Nikalipa laki nane na nusu, hela ya mtaji wa dagaa ile, malipo ya mbele kwa mara kumi na tano za kuvutwa. Unafungwa mkanda kifuani na kiunoni, mashine inavuta inaachia, dakika ishirini, unashuka, anapanda mwingine. Ukiwa umelala pale unajisikia vizuri, ukifika kituo cha daladala mguu unawaka. Mara kumi na tano nimekwenda pale na hakuna hata siku moja mtu aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipolalamika wakanionesha risiti, chini imeandikwa hela hairudishwi.

Na niseme hili kwa uchungu, laki nane si ndo iliyoniumiza zaidi. Ni yale maneno. Tangu niambiwe nitapooza nikaacha kuinama kabisa, nikaacha kutembea, mbalamwezi ikifika ambapo hakuna uvuvi nalala siku nzima, na kadri ninavyolala ndo mwili unavyokaza. Unaishi kama umebeba yai kiunoni.

Mdogo wangu wa kiume anasoma chuo cha afya pale Bugando. Mwezi wa kumi akaja nyumbani akachukua ile ripoti ya MRI akaisoma yote, akaniambia dada, hapa wameandika disiki ya kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni imetokeza upande wa kulia inagusa neva, yaani mshipa wa fahamu, na hiyo pamoja na ile ya chini yake ndo zinazotokeza mara nyingi kuliko zote duniani, hii si hukumu ya kupooza. Akanifungulia kwenye simu utafiti mmoja wa mwaka 2015, walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo hata kidogo, wakakuta wa miaka ishirini asilimia 30 disiki zao zimevimba, wa miaka arobaini nusu yao, wa miaka themanini asilimia 84. Watu wazima wazima hao wanaotembea barabarani! Yaani picha peke yake haisemi unaumwa nini, mpaka mtu akushike, akupime, alinganishe na unapoumia. Akasema na fizio hujaenda, kwanini? Sikuwa na jibu, hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Basi nikaenda. Faili na kuonwa mara ya kwanza elfu kumi na tano, kila siku ya mazoezi elfu kumi, sina bima kwa hiyo hiyo ni hela ya mkononi. Aliyenipokea ni dada mdogo tu, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, akainuka, shikamoo mama, akavuta kiti akaniuliza nikae au nisimame, kipi kina nafuu. Hilo tu lilitosha kunitoa machozi. Nikaanza kufungua bahasha ya MRI akasema tuiweke kwanza hapo mama, nitaiangalia, niambie kwanza unafanya kazi gani. Nikamwambia dagaa, Mwaloni. Akasema nioneshe. Akanipa kanga yangu mwenyewe kama chekeche, akaniweka mbele ya kioo, nioneshe unavyochekecha, nioneshe unavyoinua gunia, unasimama wapi, mwenzio anasimama wapi, unainama kwa muda gani kabla hujanyooka. Miezi saba naumwa, huyu ndo mtu wa kwanza kuniuliza.

Akanipima kila kitu. Kanilaza chali, kanyanyua mguu wa kulia ukiwa umenyooka, haukufika hata nusu nikapiga kelele, akaandika. Kagonga magoti na visigino kwa kinyundo. Kanipitishia pamba miguuni huku nimefumba macho niseme nasikia wapi. Kaniambia nitembee kwa visigino, mguu wa kushoto ukaweza, wa kulia kidole kinaanguka. Akaniuliza bila aibu na mimi nikajibu bila aibu: mkojo unatoka vizuri? unausikia ukitaka kutoka? choo je? sehemu za siri na unapokalia kuna ganzi? homa za jioni? umekonda bila sababu? Nikajiuliza mbona maswali ya hivi, nitaeleza mbele.

Halafu akanieleza disiki kwa namna ambayo hata mama mkwe nilimweleza akaelewa. Akasema mama, unajua kitumbua ambacho nje kimeiva ila katikati bado uji? Ukikibana upande mmoja ule uji unasukumwa upande wa pili. Disiki nje ni tabaka ngumu, katikati ute mzito, wewe umeinama mbele miaka na miaka, ute unasukumwa nyuma, siku ile gunia lilipokuja kwa kishindo likapasua njia, na nyuma hapo ndo neva ya mguu inapita. Ndo maana kinachowaka ni mguu wakati shida iko kiunoni. Nikamuuliza kinarudishwaje ndani, akacheka kwa upole, akasema hakuna mtu wa kukirudisha kwa mkono wala kwa mashine, ila mwili wenyewe unakishughulikia, unakila kidogo kidogo kile kilichotoka, uvimbe unashuka, watu wengi wanapata nafuu ndani ya wiki sita mpaka kumi na mbili bila kisu. Nikamwambia mbona mimi miezi saba. Akafikiri kidogo, akanijibu: kila giza la mwezi unakitonesha, kila mbalamwezi unalala kabisa. Nikanyamaza maana ni kweli tupu.

Zoezi la kwanza nitalielezea taratibu. Akanilaza kifudifudi godoroni dakika chache, kisha nijiinue kwa viwiko, kisha ninyooshe mikono kifua kiinuke ila kiuno kibaki chini kimelegea. Mara kumi. Nikasema dada inauma. Akasema usisikilize inauma kiasi gani, sikiliza inauma wapi. Mara ya tatu kigimbi kiko vile vile. Mara ya sita nikahisi kile kiwasho cha kwenye kigimbi kinapungua, kimebaki kwenye paja. Mara ya kumi kiko kwenye tako, na kiuno katikati kinauma kuliko nilivyokuja. Nikaogopa. Ye akatabasamu kabisa, akasema maumivu yakipanda kutoka mguuni kuja kiunoni hiyo ni dalili njema, tunaitafuta hiyo, yakishuka kuelekea kidoleni unaacha papo hapo. Nilisimama pale nikanyoosha mguu, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu kigimbi changu kimya. Ilidumu kama nusu saa tu siku hiyo, ila nusu saa ile ilinipa imani kuliko mashine mara kumi na tano.

Akanihadithia hii njia ilivyogunduliwa, eti mwaka 1956 huko Nyuzilandi mtaalamu wa fizio Robin McKenzie alimwambia mgonjwa wake akalale kitandani, kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwa kutoka kwa mgonjwa mwingine, yule bwana akalala kifudifudi hapo hapo amekunjika kinyumenyume, McKenzie anarudi anamkuta mguu umeacha kuuma. Kutoka hapo ndo akaanza kuchunguza. Ila msichukue zoezi langu mkalisambaza wasapu, nawaomba. Siku ile ile godoro la pembeni alikuwepo mzee mmoja fundi baiskeli, ye akitembea miguu inakufa ganzi, akiinama mbele kushika baiskeli ndo anapata nafuu, huyo mazoezi yake yalikuwa kinyume kabisa na yangu, na zoezi langu lingemuumiza.

Nyumbani nikapewa kufanya kila baada ya masaa mawili matatu, dakika tano tu, na kutembea. Nilianza dakika kumi nikikata kona tu kutoka nyumbani, nikaongeza mpaka naenda Pasiansi kwa mguu narudi, na siku nilipopanda daraja la waenda kwa miguu pale Furahisha nikashuka bila kushika chuma nilimpigia simu mdogo wangu. Baada ya wiki tatu mazoezi ya nguvu yakaanza: kupiga magoti na kunyoosha mkono wa kushoto na mguu wa kulia kwa pamoja ukae bila kutikisika, kujilaza ubavu na kujiinua kwa kiwiko, kuinua makalio ukiwa chali. Mepesi kuyaangalia, ila wiki ya kwanza nilikuwa natetemeka kama mtoto anayejifunza kusimama.

Na zile ndoo. Mwezi wa kumi na mbili akanivutia ndoo ya mchanga kilo tano, inua. Nikakataa. Nikamwambia nitapooza. Hakunisukuma, akakaa chini sakafuni na mimi, akasema mama, mgongo ni mfupa na misuli minene na kano, ni sehemu ngumu sana ya mwili, umeumia lakini haujavunjika, kama hutaufundisha kubeba hapa na mimi, utaenda kubeba Mwaloni peke yako. Nikainua. Kilo tano, wiki ijayo nane, kumi, kumi na tano, mwezi wa pili mwaka huu nikainua kilo ishirini kutoka chini mpaka mezani, ndoo imegusa mwili, miguu imepanuka, pumzi inatoka wakati nanyanyua. Alipiga makofi chumba kizima kikageuka.

Kuhusu kazini hakuniambia niache dagaa, na hapo ndo nampa heshima zote, maana kila mtu mwingine alikuwa anasema acha kazi hiyo, kana kwamba kuna nyingine imeniwekea nafasi. Aliniambia nitafute fundi anipigie kichanja cha kuchekechea kinachofika kiunoni, elfu thelathini na mbao, sa hivi nachekecha nimesimama. Nusu gunia badala ya gunia, safari mbili badala ya moja. Kila baada ya dakika ishirini nanyooka, naweka mikono kiunoni najipinda nyuma mara tano. Wenzangu watatu wamenakili kichanja changu.

Mambo yasiyonifurahisha pia yapo. Foleni. Wataalamu walikuwa wawili kwa watu wote wale, nafasi ukikosa leo unarudi wiki ijayo. Dirisha la malipo liko mbali na fizio, mtu wa mguu mbovu anapanda na kushuka ngazi kwenda kulipa elfu kumi, hili warekebishe jamani. Pazia la kubadilishia nguo limechanika. Karatasi ya mazoezi niliyopewa ilikuwa ya Kiingereza na michoro imefifia, yule dada akaniandikia upya kwa mkono kwa Kiswahili, ninayo mpaka leo, ila kwanini isiwe imechapwa hivyo kwa kila mama anayekuja? Na hakuna anayekuelekeza. Ningejua mwezi wa nne nisingeanzia mwezi wa kumi.

Mdogo wangu amenionesha pia kwamba Shirika la Afya Duniani, WHO, mwezi wa kumi na mbili 2023 lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno, sugu maana yake yaliyozidi miezi mitatu, na wanashauri kuelimishwa, mazoezi, kutibiwa hofu pia, kuchuliwa kumo kwa baadhi, dawa za jamii ya ibuprofeni kwa uangalifu. Mikanda ya kiunoni na mashine za kuvuta hawashauri kutumika kama kawaida. Nilisoma hiyo sehemu nikaweka simu chini. Laki nane na nusu yangu na elfu arobaini na tano yangu! Fizio kwa ujumla nimelipa laki moja na elfu ishirini na tano, mara kumi na moja na siku ya kwanza. Ye mdogo wangu ananiambia na muda wenyewe umechangia, disiki ingenywea hata hivyo, na mimi simbishii, ila muda bila yule dada nilikuwa nao miezi saba na nilikuwa nazidi kuzama.

Kuhusu oparesheni, msiitukane, kuna inaowafaa. Pale nilikaa foleni na baba mmoja dereva wa lori, mguu ulikuwa unamfia wiki hadi wiki, unaburuza, akapewa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar, akatolewa kile kipande kinachobana neva, karudi anafanya mazoezi na sisi. Daktari aliniambia kisu kinasaidia zaidi maumivu ya mguu kuliko ya mgongo wenyewe, na kuna utafiti wa Uholanzi wa 2007, wagonjwa 283 wenye mguu unaowaka, waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka, ila ukifika mwaka mmoja walikuwa sawa na wale walioanza kwa kusubiri na kutibiwa bila kisu, ingawa baadhi ya waliosubiri nao ilibidi wapasuliwe baadae. Kwa hiyo kama unaweza kuvumilia na hakuna dalili mbaya una muda wa kufikiri. Ipo pia sindano ya steroidi inayochomwa karibu kabisa na neva, hospitalini na mtaalamu, si ya dukani, hiyo inapunguza makali ya mguu kwa wiki kadhaa upate kufanya mazoezi.

Sasa yale maswali ya mkojo. Haya yashikeni. Ukiona mkojo umeziba au unatoka bila wewe kujua, choo hakishikiki, ganzi imekaa sehemu za siri na unapokalia, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu, usingoje kesho, usiende fizio, usiende kwa bibi, nenda dharura usiku huo huo, neva za chini zote zinabanwa na zikikaa muda hazirudi. Na mgongo wenye homa, jasho la usiku, kukonda, huo usiukande. Kuna binti alikuja wakati nipo, kaletwa na mama yake kwa ajili ya mazoezi, yule dada wa fizio kamgusa pingili moja katikati ya mgongo binti karuka, kamuuliza homa, kaambiwa kila jioni, akasimamisha kila kitu, hakumgusa tena, akamshika mkono akampeleka mwenyewe kwa daktari. Ilikuwa TB ya mgongo. Ana dawa, anaendelea vizuri. Angekuwa mtu mwingine angechukua tu elfu kumi yake akamlaza godoroni.

Mimi sa hivi mwezi wa tano. Kidole gumba bado kina ganzi kidogo kwenye ncha, nikikaa sana kiuno kinanikumbusha, na mwezi wa nne kulikuwa na siku nne mbaya nikarudi kwenye kulala kifudifudi na kutembea, ikapita bila sindano. Viatu nafunga mwenyewe. Presha imeshuka.

Kwa wa Mwaloni, nendeni siku za mbalamwezi mzigo ukiwa haba, fika saa moja na nusu kabla foleni haijashika, kata risiti kwanza ndo upande fizio usije ukarudishwa. Beba kanga ya kutandika godoroni na suruali laini ya kuvaa ndani. Picha kama unayo nenda nayo, kama huna usikope kwa ajili yake, wakuone kwanza. Kichanja changu kipo karibu na mizani ya kwanza upande wa ziwani, njoo na kamba upime urefu, ukufikie kiunoni kwako si kwangu.